Pumzi ni Amana

Katika Kiswahili, neno pumzi lina udugu na kupumua, na lina udugu pia na kupumzika, kana kwamba wahenga walitambua kuwa mtu haonji raha mpaka pumzi yake itulie. Sayansi nayo imeigeukia pumzi hiyo hiyo, ila kwa kusudi jingine: kuihoji habari za mwili.

Mahojiano hayo si mageni. Tangu zama za Wayunani matabibu walinusa kinywa cha mgonjwa. Mwaka 1971 Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kuwa pumzi ya binadamu imebeba kemikali zipatazo 250. Mwaka 2016 watafiti wa Louisville, huko huko Marekani, walieleza kwamba baadhi ya kemikali katika pumzi za wagonjwa wa saratani ya mapafu zilipungua baada ya uvimbe kukatwa. Mgonjwa hupuliza katika mfuko wa lita 1, basi. Hapo likazuka tumaini: kemikali hizo zikipanda tena, yamkini ni ishara kwamba maradhi yamerejea. Kipimo chenyewe kingali utafitini, wala hakijashika nafasi ya picha za skani.

Tumaini hilo na lipimwe kwa Mwamgongo, kijiji cha ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, chenye milima mgongoni na maji kwa njia. Na achukuliwe, kwa mfano, mama mwanika dagaa aliyepasuliwa akarudi kwao. Kila anapotakiwa kuchunguzwa, hana budi kupanda boti hadi Kigoma mjini, kisha aifuate Hospitali ya Bugando huko Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Mfuko wa pumzi haudai chakula njiani wala malazi mjini. Ungeweza kusafiri, naye akabaki na dagaa wake.

Lakini je, jibu likirudi baya, na nauli ya kuifuata tiba haipo? Wako watakaosema: heri asipimwe, aachwe apumzike. Huruma hiyo ina kasoro, kwani inamwamulia mtu mzima jambo lililo lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ajuaye mapema, hata akikosa kupona, hupata wasaa wa kulipa deni, kugawa nyavu, kuomba radhi, na kudai dawa ya kutuliza maumivu. Hata hivyo naye akisema hataki kujua, kauli yake iheshimiwe. Kupumzika nako ni haki.

Basi mzigo wa swali hili haumwelemei mpimwa, unamwelemea mpimaji. Mfano mwema uko Morogoro, ambako shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huwafunza panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya akitoa ishara, maabara huthibitisha kwanza. Kisha mgonjwa hutafutwa ili aanze dawa. Pua yagundua, binadamu yathibitisha, na tiba yafuata. Pasipo kiungo hicho cha mwisho, ugunduzi wote ungekuwa uchungulizi tu katika mwili wa mwenzio.

Pumzi, kwa hiyo, ni amana. Anayeipokea katika mfuko amepokea sehemu ya siri ya mtu, na amana hairudishwi nusu. Atakayeichukua pumzi ya mama wa Mwamgongo na airudishe ikiwa na jibu la kweli, lililosemwa kwa lugha anayoielewa, pamoja na njia ya kuifikia tiba au faraja. Akishindwa hayo, atakuwa amechukua pumzi na kuondoka na mapumziko.