Kabla Hujaiwasha

Mjukuu wangu, picha uliyonitumia nimeitazama mpaka betri ya simu ikaisha. Nimeiona injini imelazwa juu ya matairi mawili chini ya banda la mabati, na nyuma yake chesisi ya Hilux imekalishwa juu ya mawe. Nimeuona na mkono wako, umeishika kabureta kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Umefurahi, nami nimefurahi pamoja nawe. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata, maana baadhi yake hayatakupendeza.

Unasema ni 5K iliyotolewa kwenye Liteace iliyopinduka, na kwamba Jumapili utatundika petroli kwenye chupa, uunganishe betri, uisikie ikinguruma hapo hapo chini. Hamu hiyo naijua. Nilikuwa nayo nikiwa na umri kama wako, katika mji huu huu wa Elburgon na katika baridi hii hii. Ombi langu ni moja: usiiwashe mpaka uwe na gari linaloweza kusimama. Breki kwanza, usukani wa pili, injini mwisho. Vijana wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo yenye sauti, na sauti huita watu waje watazame. Breki haimwiti mtu.

Mimi gari langu nililiunda mwaka 1987, nyuma ya nyumba ya mama yangu. Chesisi ilikuwa ya Land Rover kuukuu niliyoikuta imemezwa na majani karibu na kiwanda kimoja cha mbao. Injini ilikuwa ya Hilux, ile 12R ya cc 1,587, iliyotoka kwenye pikapu iliyogongwa. Bodi niliijenga kwa mbao za saiprasi, maana siku hizo hapa kwetu mbao zilikuwa rahisi kupata kuliko bati la kupinda. Kazi ya injini iliniendea vizuri mno. Nilichomelea vishikio, nikaifunga pamoja na giaboksi yake yenyewe ya Hilux, nikapeleka propela Nakuru ikafupishwa. Mtaa mzima ulikuja kuisikiliza.

Lakini kitu kimoja kilibaki juu ya benchi. Land Rover za zamani, breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti nyuma ya giaboksi. Nilipoitoa giaboksi ya Land Rover, breki ya mkono ilitoka nayo. Nilijua. Nikajiambia nitaitafutia njia gari likishatembea.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi kwa macho. Oili ya breki iliniishia nikiwa nimebakisha kujaza kidogo tu, na maduka yalikuwa yamefungwa. Pembeni palikuwa na mkebe wa oili ya haidroliki ya trekta, safi, nyepesi, na mimi nikaona oili ni oili. Nikajazia. Wiki ya kwanza breki zilishika kama kawaida. Wiki ya pili zikaanza kushika zenyewe; nilikuwa nikishuka nikigusa gurudumu nalikuta moto. Nikadhani ni chesisi kuukuu inajizoeza.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuwa tunashuka kuingia mjini, mimi na mdogo wangu, na magunia manne ya viazi nyuma. Nilipokanyaga breki, kanyagio lilikwenda mpaka chini kama limekanyagwa hewani. Mkono wangu wa kushoto ulinyooka wenyewe kutafuta breki ya mkono, ukashika hewa. Nililielekeza gari kwenye ua wa shamba la watu. Likapinduka upande aliokaa mdogo wangu. Ule mguu wake unaouona akiuburuta kidogo asubuhi za baridi haukuumizwa na ng'ombe, kama tulivyowaambia ninyi watoto. Niliuvunja mimi.

Baadaye niliifungua silinda kuu ya breki. Raba ndani yake zilikuwa zimevimba na kulegea kama maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha. Nikizibonyeza kwa kidole, zinabonyea na hazirudi. Raba za breki hutengenezwa ziishi ndani ya oili ya breki peke yake; oili inayotokana na mafuta ghafi huzila. Hilo liliandikwa kwenye mkebe wa oili ya breki niliokuwa nimeutupa. Raba zile nilizifunga kwenye kitambaa na bado ninazo. Nitakuonyesha.

Kwa hiyo, hiyo Hilux yako, kabla injini haijaingia, fungua silinda kuu na silinda za magurudumu yote, uzitie raba mpya. Paipu za chuma zilizopata kutu usizipige brashi na kuzipaka rangi; zibadilishe. Hosi za raba zikunje kwa vidole, ukiona nyufa zitupe. Mkebe wa oili ya breki ukishaufungua, usiuache wazi, maana oili hunyonya unyevu, na kwetu hapa unyevu ndio hewa yenyewe. Toa hewa ukianzia gurudumu la mbali kabisa na silinda kuu, umalizie la karibu. Kisha waite marafiki zako. Pakieni magunia ya viazi juu ya chesisi tupu, muisukume mpaka kwenye ule mteremko mdogo nyuma ya kanisa, kamba nene imefungwa nyuma na kuzungushwa kwenye mti, nawe ukae juu ukanyage. Kanyagio litakuwa gumu kwa kuwa sevo haina mvuto wa injini, na hiyo ni kawaida. Ninachotaka ujue ni kama breki zinashika, na kama zinashika pande zote sawa. Kisha inua mguu, vuta breki ya mkono, kaa hapo robo saa. Chesisi ikikaa, nipigie simu. Simu hiyo nitaifurahia kuliko ya kuniambia injini imewaka.

Sasa hiyo injini. Muuzaji amekuambia imelala muda gani? Nauliza kwa sababu ya historia ya mji wetu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, Elburgon ilinyamaza. Misumeno ilisimama, malori yakasimama, na magari madogo yaliyokuwa yakibeba wafanyakazi na chakula chao yakasimama pia. Marufuku ilitangazwa kuondolewa Julai 2023, Rais akiwa hapo Molo, na kufikia wakati huo mengi ya magari hayo hayakuwa magari tena. Yalikuwa skrepa. Mengi ya mnayonunua ninyi vijana siku hizi yana asili hiyo: chuma kilicholala miaka mitano kwenye ukungu wa Mau. Ukikikurupusha kwa stata, ringi zilizogandana na silinda zitavunjika, na utakuwa umeua kwa sekunde moja kitu kilichokuwa kinalala tu.

Toa plagi zote nne. Mimina kwenye kila tundu oili nyepesi kiasi cha vijiko viwili, uiache siku mbili au tatu. Halafu chukua spana ya pete, itie kwenye bolti ya puli ya krenki, uizungushe polepole kwa mkono, upande inakozunguka siku zote. Usitumie bomba refu kuongeza nguvu. Unasikiliza kwa kiganja. Uzito unaopanda na kushuka kwa ulaini ni valvu zinafunguka, huo ni mzuri. Mkwaruzo kama mchanga kwenye sufuria, acha. Kusimama ghafla, acha kabisa, tufungue kichwa tutazame.

Chomoa dipstiki, ipanguse kwenye karatasi nyeupe. Oili nyeusi haina neno. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na maji yameingia kupitia gasketi ya kichwa au ufa. Hiyo 5K, bloku yake ni chuma lakini kichwa ni alumini, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda. Weka rula ya chuma juu yake utaona mwanga unapita chini.

Hapo ndipo nataka ukae na mimi kidogo, maana hili wanaokufundisha kwenye simu hawatakuambia. Wao hawaishi Elburgon. Unajua maharagwe ya shosho wako huchukua muda gani kuiva hapa, na kwamba dada zake wakiwa Mombasa huyapika yakaiva upesi kuliko hapa. Sisi tuko karibu mita 2,400 juu ya bahari. Hewa imepungua uzito, na maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, lakini joto lenyewe ni dogo. Sasa fikiria rejeta. Injini yako ikiwa kazini, maji yake hufika nyuzi themanini na kitu mpaka tisini. Yaani kama rejeta iko wazi, uko hatua moja kutoka kwenye kuchemka kabla hata hujapanda mlima wowote. Kinachokuokoa ni kifuniko. Ukikigeuza utaona kimeandikwa 0.9 au namba iliyo karibu nayo. Hiyo ndiyo presha kinayoishikilia, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Raba ya kifuniko ikikatika, yote hayo yamekwisha, na wewe huoni chochote ila mvuke kwenye kona ya pili ya kupanda Mau Summit. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima, wakabadilisha pampu, wakatoa themostati wakaitupa, na ugonjwa ulikuwa kwenye kifuniko kidogo kinachotosha kwenye kiganja. Nunua kipya, chenye namba ile ile.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, kabureta iliyosetiwa pwani ikija hapa hunywa petroli nyingi kuliko hewa inayoipata. Hewa yetu ni pungufu kwa karibu robo. Usimlaumu aliyekuuzia kama geji ya kompresheni itasoma chini ya ulichosoma kitabuni. Geji nayo inapima hewa ya Elburgon. Tazama kama silinda nne zinakaribiana. Tatu zikifanana na moja ikawa chini sana, hiyo moja ndiyo ina neno la kukuambia.

Kitu kingine kwenye Liteace: dereva wake hukaa mbele na injini iko chini ya viti, kwa hiyo gia hufikiwa kwa vyuma vya kuunganisha kutoka mbele. Kwenye chesisi yako injini itakuwa mbele yako. Pima hilo kwa kamba na mbao kabla hujachomelea kishikio chochote, ukae kwenye kiti, uweke mkono panapofaa gia kuwa. Weldi ikishaganda, kubadili mawazo kunahitaji grainda.

Najua utasema, guka, Desemba nataka kulipeleka Njoro marafiki zangu walione. Nikuambie kuhusu Desemba. Mwaka ule nilipokuwa nikipinda vyuma vyangu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kazi inayofanana. Rais Moi alikuwa amewataka mwaka 1986 waunde gari la Kenya. Walikuwa na maprofesa, walikuwa na serikali nyuma yao. Gari hilo, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa hadharani Kasarani mwaka 1990. Magari matano, na yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mimi nilisikia habari zile nikiwa nasukuma mkokoteni, gari langu likiwa limerudi kuwa kuni na chuma, na nikalia, kwa sababu nilijua uzito wa walichofanya. Watu husema yalikuwa magari matano tu. Mtu aliyewahi kuunda moja hasemi hivyo. Na ikiwa wao walichukua miaka ile yote, wewe mwenye grainda ya kuazima usinihesabie miezi.

Kuhusu karatasi sitasema mengi, ila usizidharau. Chesisi yako ina logibuku yenye namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, NTSA, wale wa usajili wa magari, lazima wajulishwe na namba mpya iingizwe, na gari likaguliwe. Kwa hiyo mtafute aliyekuuzia kabla hajahama, akuandikie risiti yenye jina lake, namba ya kitambulisho chake na namba ya injini, na akupe nakala ya logibuku ya Liteace ile. Kisha piga tochi kwenye bloku usome namba mwenyewe. Kama imekwanguliwa au imegongwa upya, mrudishie injini yake hata kama pesa hatakurudishia zote. Na barabarani usiingie bila bima ya watu wengine. Mwenye ua nilioubomoa alinisamehe; kama ndani ya ule ua pangekuwa na mtoto, nisingekuwa nakuandikia.

Nitakuja Jumamosi asubuhi, ukungu ukishapanda. Nitaleta spana ya pete ya kuzungushia krenki, geji yangu ya zamani, na mdogo wangu amesema naye anakuja. Anataka kukaa juu ya chesisi mtakapoijaribu breki, na sijaweza kumkataza. Ukitoa plagi, zipange kwenye ubao kwa mfuatano, ya kwanza mpaka ya nne, kama zilivyokaa. Usizifute. Nataka kuziona na masizi yake.