Faini Isigeuke Hongo ya Njia

Neno hongo lina historia yake katika nchi hii ya Unyamwezi. Zamani, misafara ilipotoka pwani kupita Tabora na kuelekea Ujiji, watemi ambao nchi zao zilipitiwa na njia walidai hongo: nguo, shanga, au nyaya. Haikuwa siri wala aibu. Ilikuwa ushuru wa kupita. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijua vema nguvu ya ushuru huo alipoitawala njia ya upande huu wa Urambo na Ulyankulu. Aliyelipa alipita, asiyelipa alizuiwa. Wala hongo haikuuliza msafara umebeba nini. Pembe, nguo, hata binadamu waliofungwa minyororo, vyote vilipita kwa malipo.

Leo neno hilohilo lamaanisha rushwa, na kila mtu ajua kwamba rushwa ni dhambi na ni kosa la jinai. Lakini twataka kunena habari ya hongo nyingine, isiyotolewa gizani, bali yenye stakabadhi na muhuri. Nayo ni faini ya kuharibu mazingira, pale inapogeuka kuwa ushuru wa kupita. Je, mtu akiisha kulipa faini kwa mto alioutia sumu, amemaliza deni lake? Na mkuu wa chombo cha Serikali akiisha kuipokea faini hiyo, ametimiza wajibu wake?

Nchi yetu ilianzisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira mwaka 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaliongezea nguvu: kukagua, kutoza, hata kusimamisha kazi yenye madhara. Sheria hiyo ilikubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye, ikampa Rais madaraka ya kumteua Mkurugenzi Mkuu. Kanuni hiyo ni ya haki, maana si vema mmoja avune faida na jirani zake wavune maradhi. Lakini kanuni njema yaweza kusomwa vibaya. Mchafuzi alipe, ndiyo. Bali haikusemwa kwamba alipaye ana ruhusa ya kuchafua.

Tofauti yake ni hii. Fedha ya faini huingia katika hazina, lakini samaki waliokufa hawafufuki, na mninga uliokatwa haurudi kabla mjukuu hajawa mzee. Watu wa Ulyankulu wamekwisha kuona kwamba ardhi haipatani bei na mtu. Tangu mwaka 1972 walipokelewa hapa wakimbizi wengi kutoka Burundi. Walikuwa wakulima hodari, hawakuwa na kosa; lakini idadi yao ilizidi uwezo wa maji na udongo, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu yao wakahamishiwa Mishamo. Mpaka wa ardhi hausogezwi kwa fedha. Kwa hiyo faini ina maana moja tu: kumzuia mkosaji asirudie, na kumlazimisha atengeneze alichobomoa. Ikiwa tajiri aweza kuiandika katika hesabu zake mwanzoni mwa mwaka, pamoja na mafuta ya magari na mishahara, basi hiyo si adhabu tena. Ni hongo ya njia, na msafara unapita.

Tutazame mfano mmoja. Mwezi Mei 2019 Baraza liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililovuja. Fedha hizo si haba. Hata hivyo, mwezi Julai mwaka uleule ikatolewa amri kwamba bwawa hilo lisitumike, na amri hiyo haikuondolewa mpaka Septemba. Hatupendi kumhukumu mtu hapa. Twataka kuonyesha tu kwamba amri ya pili ina uzito ambao ya kwanza haina. Faini yasema, “Lipa.” Katazo lasema, “Simama kwanza, utengeneze.” Kiongozi anayeogopa kutamka neno hilo la pili ni mtoza ushuru tu.

Labda msomaji atasema: nchi maskini yahitaji migodi na mazao, mkuu wa mazingira asiwe adui wa kazi. Ni kweli. Lakini tuangalie ni nani husimamishwa kwa urahisi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, aliyekutwa nao tu aliwekewa faini ya kuanzia shilingi 30,000. Watengenezaji waliwekewa mamilioni, na hiyo ni haki. Lakini kwa mama auzaye nyanya gulioni, 30,000 ni chakula cha watoto wake. Kwake faini ni katazo kamili. Kadhalika mkulima wa tumbaku, ambaye hana kuni nyingine za kukaushia majani katika bani lake ila miti ya miyombo iliyo karibu, hukamatwa upesi akiwa na mzigo begani. Hatusemi aachiwe auteketeze msitu, maana nyuki wake na mvua yake vimo humo. Twasema kwamba haki inayomsimamisha maskini na kumpitisha tajiri si haki, ijapokuwa wote wawili wamepewa stakabadhi.

Liko na jaribu kubwa zaidi: mharibifu anapokuwa Serikali yenyewe. Hapo jirani, Urambo, tangu mwaka 1947 dola ya Kiingereza ilifyeka misitu kwa matrekta ili ipande karanga, huko na Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikapotea. Hakuwako mtu mwenye cheo aliyeweza kumwambia mkubwa wake, “Ngoja, udongo huu haujapimwa,” akasikilizwa. Kwa ajili hiyo vyombo kama Baraza vyapaswa kuwako. Lakini kumwambia neno hilo yeye aliyekuteua kwahitaji moyo ambao barua ya uteuzi haiwezi kuutia.

Basi, mkuu wa chombo kama hicho tumpimeje? Tusimsifu kwa wingi wa fedha alizokusanya. Chombo kinachojiendesha kwa ada na faini chaweza kujikuta kikihitaji makosa ili kiishi, kama mtemi aliyehitaji misafara. Mwaka wa faini chache, na mito safi, ndio mwaka wa kumshukuru. Tumwulize: ni nani mkubwa uliyemsimamisha? Ni nini kilichotengenezwa baada ya faini kulipwa? Na maskini uliyemkataza kuni, umemwonyesha njia gani nyingine?

Maswali hayo hayamhusu mkurugenzi peke yake. Sheria ya 2004 imeweka wajibu wa mazingira hata katika halmashauri na vijiji. Mjumbe wa kijiji anayepokea elfu chache na kugeuza uso wakati magogo yanapita usiku, naye ameketi kando ya njia ile ya zamani akidai hongo, wala haulizi msafara umebeba nini.