Nahodha Aliyenyamaza

Mkristo atokaye Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, huiona bandari mbele yake, na mara nyingine huiona meli kubwa ikiingia polepole kutoka baharini. Pengine hajui ya kuwa anayeelekeza njia saa ile si yule nahodha aliyeileta meli kutoka ng'ambo. Ni rubani, mtu wa bandari, aliyeifuata nje kwa mashua na kupanda ubavuni mwake kwa ngazi ya kamba. Siku hizi neno rubani twalisikia zaidi katika habari za ndege, lakini ni neno la baharini tangu kale. Nahodha aijua meli yake; rubani ayajua mafungu, mikondo na vina vya maji ya mahali pale.

Kwa sababu hiyo bandari nyingi duniani hazimruhusu nahodha mgeni kuingia na meli kubwa pasipo rubani, wala hazimruhusu mtu kufanya urubani pasipo leseni. Mwaka 2003 shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo usafiri wa bahari lilishauri kwamba kila rubani athibitishwe tena katika muda usiozidi miaka 5, ili ijulikane kama ujuzi wake haujachakaa na kama afya yake ingali nzima. Ni shauri la haki. Leseni ni ahadi ambayo serikali yawapa watu wasioweza kumpima rubani wao wenyewe. Lakini ahadi hiyo ikiisha kutolewa, je, wengine wote wamepata ruhusa ya kuzilaza dhamiri zao?

Tarehe 7 Novemba 2007, asubuhi yenye ukungu mzito, meli ya mizigo iitwayo Cosco Busan, yenye urefu wa mita 275 hivi, iling'oa nanga katika bandari ya Oakland, Marekani. Marubani wa meli nyingine waliona heri kungoja. Rubani wa meli hii alikuwa mtu wa makamo, mwenye kazi ile kwa zaidi ya miaka 25, na leseni yake ilikuwa halali. Nahodha alikuwa Mchina, mgeni katika meli na katika maji yale. Mazungumzo ambayo rubani na nahodha hupaswa kufanya kabla ya safari, kuhusu njia na hatari zake, hayakufanyika ipasavyo.

Wakiwa njiani rubani alishindwa kuzielewa alama fulani katika ramani ya kompyuta. Akaonyesha mahali, akamwuliza nahodha kama hapo ndipo katikati ya daraja. Nahodha akaitikia kuwa ndipo. Sipo! Alama zile zilikuwa za maboya yaliyowekwa karibu na nguzo. Muda mfupi baadaye meli ikaiparuza kinga ya nguzo hiyo, ubavu ukapasuka, na mafuta mazito yapatayo lita 200,000 yakamwagika katika ghuba ya San Francisco. Hakufa mtu. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu, na wavuvi, ambao hawakuwa na neno lolote katika jambo hilo, walizuiwa kuvua.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa taarifa yao mwaka 2009. Walisema akili ya rubani ilikuwa imepunguzwa wepesi na dawa alizoandikiwa na waganga, na kwamba ofisi iliyopasa kuipima afya yake haikusimamia kazi hiyo vema. Mwaka huohuo rubani alihukumiwa kifungo cha miezi 10. Tukumbuke basi ya kuwa karatasi ya daktari si jambo dogo: apigaye mhuri bila kusoma ashika usukani wa meli asiyoiona.

Lakini mimi nasumbuliwa zaidi na habari za nahodha. Mkataba wa kimataifa kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia wasema wazi kwamba kuwapo kwa rubani melini hakumwondolei nahodha wajibu wake. Mtu aliyeletwa kwa sababu anayajua maji, akimwuliza mgeni daraja liko wapi, hapo ndipo pa kupunguza mwendo na kuuliza, “Bwana, je, wewe mwenyewe una hakika?” Nahodha hakuuliza. Wachunguzi walidhani kwamba pengine mila za kwao zilimfanya asite kumpinga rubani.

Tusimcheke. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Abiria ndani ya basi la usiku huona kichwa cha dereva kikiinama, wakatazamana, wakashika rozari, na hakuna asemaye neno, kwa kuwa dereva ndiye mwenye leseni. Rozari ni njema. Lakini kumwamsha dereva hakumchukizi Bikira Maria.

Najua mtu atajibu ya kuwa kila mmoja akimkatiza rubani, meli itapanda mwamba upesi zaidi. Ni kweli, amri yataka utii. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilipima jambo hili alipofundisha juu ya kuonyana kidugu: aliye chini aweza kupaswa kumwonya aliye juu yake, ila kwa upole na heshima. Utii na onyo, basi, si maadui. Anyamazaye huku akiiona hatari hamheshimu mkubwa wake. Amwacha peke yake na kosa lake. Hapo ndipo dhambi ya kutotimiza wajibu, tunayoiungama kila Misa, inapopata uzito ambao mara nyingi hatuufikirii.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Paulo alikuwa mfungwa katika merikebu iliyotia nanga Krete, na majira ya dhoruba yalikuwa yamekaribia. Hakuwa baharia, hakuwa na cheo. Hata hivyo aliwaonya wasiendelee. Akida akamsadiki rubani na mwenye merikebu kuliko Paulo, wakatweka tanga. Siku nyingi baadaye, walipokaribia nchi usiku, mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua, na yule mfungwa akanena tena. Safari hii akasikilizwa: askari wakazikata kamba za mashua. Watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ngano walikuwa wamekwisha kuitupa baharini, na merikebu ilivunjika.