Adabu ya Kujizuia

Kaskazi inapopungua nguvu, maji ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, hutulia hata mwamba wa matumbawe ukaonekana toka juu. Mzamiaji anayeshuka hapo na mtungi wake wa hewa mgongoni huingia katika ulimwengu ambao nguvu na haraka havina thamani. Hashiki kitu wala hakanyagi kitu. Hazuii pumzi, maana hewa iliyofungwa kifuani hutanuka wakati wa kupanda na inaweza kuyapasua mapafu. Harudi juu mbio, hata akiwa na hamu ya jua. Wala haendi peke yake: kila mara humgeukia mwenzake na kumwuliza kwa ishara ya mkono kama yu salama na hewa inamtosha. Ni mangapi ya nchi kavu yangetengemaa kama tungeulizana hivyo?

Adabu hiyo ina sababu. Tumbawe huonekana jiwe, kumbe ni jamii ya vinyama vidogo vinavyojijengea makazi ya chokaa, vikilishwa na mwani unaoishi ndani ya miili yao. Yale makubwa ya mviringo huongezeka takriban sentimita moja tu kwa mwaka, hivyo nanga moja iliyotupwa bila kutazama huvunja kazi iliyoanza kabla ya babu zetu. Kuna na madhara yasiyohitaji nanga. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki, Mafia ikiwemo, yaliupoteza mwani wake, yakapauka, yakafa. Je, aliyejiepusha kuligusa tumbawe kwa mkono, lakini akachangia joto hilo kwa namna anavyoishi, aweza kusema hakuligusa?

Hata hivyo, adabu kubwa kuliko ya mzamiaji iko juu ya maji, ndani ya mitumbwi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, baada ya miaka ambayo baruti ililipua miamba na nyavu za kukokota zilikomba hata vifaranga vya samaki. Vijiji havikuhamishwa, vimo ndani ya hifadhi, na watu wake wanaendelea kuishi kwa bahari ileile. Mzamiaji hujizuia kwa muda mfupi, akijua chakula kiko tayari mezani. Mvuvi wa kisiwa cha Juani au Jibondo, ndani ya hifadhi hiyo, hutakiwa kujizuia maisha yake yote, akipita juu ya samaki asioruhusiwa kuwavua, na nyumbani watoto wanangoja kitoweo. Wa kwanza tunamsifu kwa kupenda mazingira. Wa pili tunamkumbuka lini, kama si siku anapokamatwa na wavu haramu?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa mwamba ule si samaki peke yake, ni pia mvuvi aliyeuachia nafasi ya kupona. Basi anayekwenda Mafia kuzamia alipe ada yake kwa moyo mweupe, anunue kwa wenyeji, aongozwe na vijana wa kisiwa, na aketi na wazee wa bahari awasikilize. Nasi tunaosimamia sheria tuhakikishe kwamba fedha ya mgeni inafika kijijini, kwa sababu si haki kumtaka mtu ajinyime kwa faida ya wengine, kisha tukamsahau.