Kiroboto wa Kitanda cha Mwingine

Waingereza wana neno "flea-bite", yaani kuumwa na kiroboto, nao hulitumia kwa hasara ndogo isiyostahili kulalamikiwa. Tajiri akipoteza laki moja husema kwamba hilo kwake ni kuumwa na kiroboto tu. Sina ugomvi naye, maadam ngozi ni yake na fedha ni zake. Huo waweza kuitwa ustahimilivu. Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: je, mtu ana haki ya kuyapima hivyo maumivu ya mwenzake?

"Flea" ni neno la kale, ndugu yake "Floh" la Kijerumani. Wapo wanaolinasibisha na "flee", maana yake kukimbia, na aliyewahi kumwinda kiroboto katika mshono wa shuka hatawabishia. Kinachonivutia zaidi ni jinsi mdudu huyu mmoja anavyopewa hadhi kufuatana na mwenyeji wake. Waingereza huita "puce" rangi ya hudhurungi iliyokaribia zambarau. Neno hilo wamelitwaa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa ndilo jina la kiroboto. Mwaka 1775, katika jumba la Malkia Marie Antoinette, mabibi wa heshima waligombea magauni ya rangi hiyo, hata wakatofautisha rangi ya tumbo la kiroboto na ya paja lake! Sasa teremka hadi kwa wanyonge. Nyumba ya wageni ya bei nafuu huitwa "fleabag", mfuko wa viroboto. Jumba la sinema lililochakaa ni "fleapit", shimo la viroboto. Kwa malkia kiroboto ni pambo, kwa maskini ni tusi.

Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mdudu ni mwingine, lakini tazama aliposimama msemaji. Methali hii inamtetea aliyelala. "Flea-bite", likielekezwa kwa mwingine, ni neno la mtu aliye mlangoni, tena mwenye haraka ya kuondoka.

Atatokea wa kunipinga: ikiwa kila mlalamikaji atajipimia mwenyewe uzito wa shida yake, mwalimu mkuu ataendeshaje shule? Hoja hiyo si nyepesi. Nimekikalia kiti hicho miaka mingi, na si kila chozi nililoletewa lilikuwa la kweli. Hata hivyo, niliwaambia walimu wanafunzi chuoni, na leo nasema vilevile, kwamba kupima hufuata kuuliza. Anayepima kabla ya kuuliza hajapima kitu.

Kiroboto mwenyewe ni shahidi wangu. Kwa karne nyingi alichukuliwa kuwa kero tu ya usiku, mpaka mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alipoonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni. Watu wa Lushoto hawahitaji kusimuliwa. Tauni iliyozuka kwao mwaka 1980 iliwarudia mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Na funza naye ni aina ya kiroboto, ingawa wengi hawalijui hilo. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akafika Angola mwaka 1872, kisha akasafiri na misafara mpaka pwani yetu kabla ya karne ile kwisha. Jike lake hujichimbia katika nyama ya mguu, akavimba kama punje ya choroko. Mtoto mwenye funza huchekwa na wenzake. Mwalimu aliyevaa viatu humwona akichechemea nyuma ya mchakamchaka, akamkemea aache deko, kwani ni kidudu tu. Kumbe ingemchukua dakika moja kuinama autazame ule unyayo, kisha aagize beseni la maji, dawa na sindano safi.