Amana ya Jikoni

Anayekula katika mgahawa hula nyama ambayo hakuiona ikichinjwa, na kwa hiyo humkabidhi mpishi asiyemjua si afya yake tu bali pia, ikiwa ni mtu wa dini, sehemu ya utii wake kwa Mungu. Ndiyo maana inafaa kuuliza iwapo masharti ya dini juu ya chakula huwatenga watu au huwawezesha kuketi meza moja. Katika Lushoto na milima yote ya Usambara, ambako wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891 na ambako Uislamu ulipanda kutoka pwani, ukoo mmoja wa Wasambaa mara nyingi huwa na wanaosali msikitini na wanaosali kanisani, na wote hao hukutana kwenye sahani ileile ya biriani.

Sharia ya Kiislamu hutaka mnyama achinjwe kwa kisu kikali, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa na damu ikimwagika. Aliyekufa bila hayo huitwa kibudu, yaani mzoga usioliwa. Hata hivyo Sura ya Maida, aya ya 5, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, wakiwemo Wakristo, lakini desturi ya Tanzania imemwachia Mwislamu kisu cha machinjioni, na ugomvi juu ya desturi hiyo uligharimu uhai wa mchungaji mmoja huko Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013. Ni msiba unaoumiza zaidi mtu akikumbuka kwamba Paulo, katika sura ya 8 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, alikwisha kufundisha kuwa aliye huru kula anaweza kuuzuia uhuru wake kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake. Mkristo anayekubali kisu cha jirani yake, basi, hajashindwa, wala jirani huyo hana haki ya kukigeuza kisu hicho kuwa alama ya ubwana.

Wasingasinga wana njia nyingine: langar, jiko la hekaluni linalomlisha kila mtu bure, ambalo asili yake ni Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyezaliwa mwaka 1469 mahali palipo Pakistani ya leo, na ambalo huko Makindu, nchini Kenya, huwalisha wasafiri wa dini zote. Kwa kuwa nyama haipikwi hapo, hitilafu huondolewa kabla haijafika mezani. Mgahawa wa kawaida hauiondoi. Huibakiza na kudai uaminifu, na hilo ni gumu zaidi, pengine pia ni kubwa zaidi.

Mwenye mgahawa wa Lushoto akimpakulia Mwislamu kibudu, mlaji atashiba, hataugua, na huenda asijue kamwe. Lakini amedhulumiwa, kwa maana dhuluma haingoji kuhisiwa ndipo iwe dhuluma. Mkristo aliyeketi naye, ambaye sheria hiyo haimfungi, akilijua jambo hilo anapaswa kusimama na kumkabili mwenye mgahawa kana kwamba sahani iliyotiwa unajisi ni yake.