Utani wa Mashabiki

Kasansa ni kata ya mpunga na mahindi katika Bonde la Rukwa, upande wa Mpimbwe, mkoani Katavi. Kutoka hapo mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wa wakazi wake hawajapata kuuona kwa macho mtaa wa Jangwani wala wa Msimbazi. Hata hivyo, mtoto wa hapo akiulizwa habari za ukoo wake huenda akasita kidogo. Akiulizwa kama yeye ni Simba au Yanga, hasiti. Jambo hili limezoeleka hata halistaajabishi tena, na kwa kuwa halistaajabishi, swali lililomo ndani yake halijaulizwa ipasavyo. Mtu afurahiapo kushindwa kwa timu ya jirani yake, tena mikononi mwa wageni wa mbali, je, atenda dhambi, atenda upumbavu, au atenda jambo la halali lenye masharti yake?

Wako wanaojibu upesi. Wa kwanza ni mzalendo. Husema kwamba timu ivukapo mpaka haina rangi tena ila rangi za bendera, na kwamba Mtanzania amshangiliaye Mwarabu wa Algeri dhidi ya Mtanzania mwenzake ameuza kitu kisichouzwa. Serikali nayo imeshika njia hiyo: tangu Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na la Yanga katika mashindano ya Afrika, wala hakubagua baina ya nyekundu na kijani. Wa pili ni mcheshi. Yeye husema huu ni mchezo tu, na katika mchezo kila kicheko ni halali.

Jibu la mcheshi halikawii kuanguka. Maneno "ni mchezo tu" hayajapata kusikika kinywani mwa aliyeshinda. Ni dawa ambayo kila mmoja humnywesha mwenziwe, naye mwenyewe hainywi. Isitoshe, lugha yenyewe hainyamazi juu ya jambo hili. Kufunga ni kutia bao, na kufunga ni kutia kamba. Mfungwa yumo gerezani, na timu iliyofungwa imo katika hali ambayo shabiki wake huiona haipishani sana na hiyo. Asubuhi ya pili mtu wa Kasansa, ambaye jana hakugusa mpira ila aliketi juu ya benchi la kibanda umiza huku jasho likimtiririka, husema "tumefungwa". Kiambishi hicho kidogo, tu-, kimebeba mzigo mkubwa. Kimemtia ndani ya jambo ambalo hakulitenda na ambalo hakuweza kulizuia. Wapo, kweli, wajanja wasemao "tumeshinda" siku ya furaha na "wamefungwa" siku ya huzuni. Lakini hao hawaheshimiwi kibandani, na ni haki yao kutoheshimiwa. Aibu isiyo na hatia ni aibu kweli, na anayeicheka anacheka kitu kilicho hai ndani ya mtu.

Jibu la mzalendo ni zito zaidi, na lastahili kupimwa kwa matukio. Klabu za Tanzania zimefika fainali ya mashindano ya Afrika mara tatu. Mwaka 1993 Simba ilitoka sare na Stella ya Abidjan huko kwao, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger tarehe 28 Mei, ikaenda Algiers tarehe 3 Juni ikashinda 1-0, na kombe likabaki kwa Waarabu kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba ilipigwa 2-0 na RS Berkane nchini Moroko, ikarudi Zanzibar tarehe 25 Mei katika uwanja wa Amaan ikapata sare ya 1-1 tu. Mara tatu nchi ilisimama kwenye kizingiti cha mlango huo, na kila mara nusu ya watazamaji wake iliomba mlango ufungwe. Mzalendo akiyataja haya sauti hutetemeka, naye ana haki ya kutetemeka. Lakini asichokieleza ni kwa nini watu wale wale, walioomba jirani afungwe Jumamosi, humkopesha jirani huyo chumvi Jumapili. Msaliti hafanyi hivyo.

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 ulileta jaribio ambalo hata mwanafalsafa asingaliweza kulipanga vizuri zaidi. Usiku huo mmoja timu zote mbili zilikuwa ugenini katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: Simba Kairo kwa Al Ahly, Yanga Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Simba, iliyokwisha kufungwa 1-0 nyumbani, ilifungwa tena 2-0. Yanga ilitoka sare ya bila kufungana kama ilivyotoka Dar es Salaam, kisha ikatolewa kwa mikwaju ya penalti, 3-2. Kabla ya penalti hizo Stephane Aziz Ki alipiga shuti lililogonga mwamba wa juu, mpira ukadunda chini kwenye mstari wa goli. Waamuzi, pamoja na wale wanaoangalia picha za video, hawakulihesabu kuwa bao.

Basi mpira ule ulivuka mstari au haukuvuka? Swali hili si la imani. Lina jibu moja, nalo halitegemei nani analiuliza. Mpira ama ulipita wote ama haukupita wote. Hata hivyo, nchi iligawanyika juu yake karibu sawasawa na inavyogawanyika juu ya rangi. Mtu wa Yanga aliona nafasi baina ya mpira na mstari pana kama mlango wa ghala. Mtu wa Simba, akitazama picha ile ile juu ya kioo kile kile, aliona mpira umelala juu ya chokaa. Wala haifai kudhani kwamba mmoja alikuwa akisema uongo, kwa maana mwongo hujua ukweli kisha huuficha, na hapa hakuna aliyeficha kitu. Upendo ulitangulia kufika machoni, na jicho likapokea kilichobaki. Hapa ndipo ushabiki ugusapo maadili kwa ukali kuliko penye kicheko. Kicheko humwumiza jirani kwa siku tatu. Jicho lililozoea kuona kwa rangi huenda likaja kuona kwa rangi katika baraza la ardhi, katika kesi ya ng'ombe walioingia shambani, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji. Huko hakuna mechi ya marudiano.

Je, dawa ni kuacha kupenda? Wako wenye elimu washaurio hivyo, na kwa kawaida hao ni watu ambao hawana timu. Mtu asiyependa upande wowote huuona mstari vizuri, lakini haangalii mechi. Na ushahidi wa asiyekuwapo haumsaidii mtu. Yafaa itafutwe njia nyingine, na huenda njia hiyo imelala siku zote ndani ya jina ambalo Watanzania wamezipa timu hizi bila kulifikiri sana: watani wa jadi.

Utani si neno la mzaha tu. Katika nchi hii ni mkataba usioandikwa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na kilichokua juu ya makaburi ya vita hivyo ni utani. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara walifanya utani na Wazaramo na watu wengine wa njiani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Aweza kuingia msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai marehemu anamdaiwa kuku, akawachekesha waliokuwa wakilia. Lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe la kaburi, ndiye achotaye maji, ndiye asiyeondoka mpaka matanga yaishe. Ruhusa ya kucheka imenunuliwa kwa wajibu wa kuzika. Achekaye asizike hana jina la mtani; ana jina jingine, nalo si zuri.

Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936 kutokana na waliojitenga na Yanga; mpaka 1971 iliitwa Sunderland. Hizi ni nyumba mbili za ukoo mmoja. Mabao 5-0 ya Yanga mwaka 1968, 6-0 ya Simba mwaka 1977, 5-0 ya Simba tena mwaka 2012: haya yote yamehifadhiwa kama madeni yanavyohifadhiwa, na wajukuu huyadai kwa niaba ya babu. Nusu ya kwanza ya mkataba, basi, imetunzwa kwa uaminifu mkubwa. Kinachotiliwa shaka ni nusu ya pili.

Achukuliwe, kwa mfano, mkulima wa mpunga wa Kasansa aliye Simba, na jirani yake aliye Yanga. Wa pili ana maksai wawili na plau. Wa kwanza hana ila jembe la mkono na hela ya kukodi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Kuanzia kesho yake salamu ilibadilika nchi nzima: mtu hakuulizwa tena habari za asubuhi, alinyoshewa vidole vitano. Mkulima huyu alinyoshewa kisimani, alinyoshewa mashineni, na mtoto wa jirani, asiyejua bado kuhesabu zaidi ya hapo, alimnyoshea kutoka mgongoni mwa mama yake. Novemba ndio mwezi ambao mvua za bonde hilo huanza. Ardhi ikalowa. Kila jioni mkulima alikata shauri kwenda kuomba maksai, na kila jioni alikumbuka mkono ule, akarudi. Siku nane zikapita hivi. Mpunga haungoji mtu amalize hasira zake, na nyumba yenye watoto haili heshima.

Mtu aweza kusema kwamba hili lilikuwa kosa la kiburi cha mshindwa, na kwa sehemu ni kweli. Lakini uzito zaidi uko upande wa mshindi. Mshindwa hawezi kuuanza wajibu wa utani, kama vile mfiwa hawezi kujiombolezea mwenyewe. Ni mcheka ambaye amekopa, na ni yeye apaswaye kulipa. Basi tuseme kwamba siku ya tisa, kabla ya jua, jirani alifika shambani na maksai wake bila kuitwa. Alisimama ukingoni, akanyosha vidole vitano kwa utaratibu kamili, kisha akashika plau akalima mpaka adhuhuri. Vidole vile vitano vya ukingoni havikuwa sawa na vile vya kisimani, ijapokuwa ni vya mkono mmoja. Na kama asingalifika? Basi ishara ile ile, isiyoongezwa wala kupunguzwa kidole, ingalikuwa dhuluma. Uhalali wa kicheko haumo ndani ya kicheko, na kwa hiyo hautambuliki siku ile ya mechi.

Mzalendo, akisikia haya, atauliza: na mgeni wa Algeri je, naye ni mtani? Hapana. Lakini mtu amwombeaye mgeni ushindi juu ya jirani hampendi mgeni. Anamtumia kama fimbo. Kosa lake, likiwapo, halimo katika kuishika fimbo ya mgeni ila katika kusahau kuirudisha. (Juu ya wale waweka dau, ambao huitia timu yao katika karatasi ya kamari ifungwe ili wao wale, yatosha kusema kwamba hao si mashabiki wa upande wowote, na mjadala huu hauwahusu.)

Liko jambo jingine lililochanganya hesabu. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Kodivaa, timu ya taifa ilifungwa 3-0 na Moroko, ikatoka sare ya 1-1 na Zambia baada ya kurudishiwa bao dakika za mwisho, ikatoka sare ya 0-0 na Kongo, ikarudi nyumbani na pointi 2 ikiwa ya mwisho katika kundi. Desemba 2025, huko Moroko, ilifungwa 2-1 na Naijeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 tena na Tunisia kwa bao la Feisal Salum. Pointi zikawa 2 zile zile, na safari hii zikaivusha mpaka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kazi moja, ujira mbalimbali. Shabiki ambaye mwaka 2024 alisema vijana hawana moyo, na mwaka uliofuata kwa pointi zile zile akasema ni mashujaa, hakuwapima vijana, alipima mlango.

Aliyewaongoza vijana hao ni Miguel Gamondi, ambaye Novemba 2023 alikuwa kocha wa Yanga siku ya yale mabao matano. Mkulima wa Simba alitakiwa kumpigia makofi. Alipiga, ijapokuwa yasemekana alianza na mkono mmoja juu ya goti. Tarehe 4 Januari 2026, mjini Rabat, Moroko ilifunga bao moja kwa mguu wa Brahim Díaz. Mwishoni mwa mchezo wachezaji wa Tanzania walidai penalti, mwamuzi akakataa. Kibandani Simba aliruka, na Yanga aliruka. Macho yote manne yaliona penalti moja, ile ile, wazi kama mchana. Kama waliiona kwa sababu ilikuwapo, au kwa sababu usiku huo wote wawili walikuwa wakisema "tu-" moja, hakupatikana mtu wa tatu wa kuwaamulia, kwa maana wa tatu naye alikuwa amekwisha kuruka.